Ramani ya ndiyo na hapana: kisa cha maabara ya Ohio na kelele za ukumbini

Mwaka 2013, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio mjini Columbus, Marekani, watu 12 wenye upungufu wa kusikia walivaa hedifoni na kusikilizishwa sentensi fupi za Kiingereza zilizochanganywa na kelele. Kazi yao ilikuwa kurudia walichokisikia. Kelele zilikuwa za aina mbili: mvumo usiobadilika, mfano wa feni kubwa, na makelele ya watu wengi wanaozungumza kwa pamoja. Kwenye makelele ya watu walipata wastani wa robo hivi ya maneno. Sentensi za aina hiyohiyo zilipopitishwa kwanza kwenye programu ya maabara, wastani ukapanda hadi karibu asilimia 85. Kwenye mvumo ulitoka asilimia 35 hivi ukafika 85.

Halafu wakaletwa wanafunzi 12 wa chuo, vijana wenye masikio mazima, wakasikilizishwa kelele zilezile bila msaada wa programu. Walishindwa na wale wagonjwa waliosaidiwa.

Kwa mtu wa nje hayo yanaweza kuonekana kama hatua moja tu ya kompyuta kuzidi kuwa hodari. Kwa waliokuwa kwenye fani, yalikuwa ya kushangaza, kwa sababu kwa zaidi ya miaka 30 wahandisi walikuwa wakitengeneza programu za kupunguza kelele, na karibu zote zilikuwa na kasoro moja: msikilizaji alisema sauti sasa inapendeza, lakini maneno aliyokuwa hayapati, bado hakuyapata.

Tuanze na kwa nini jambo hili ni gumu kiasi hicho. Kazi ya kwanza ya kifaa cha kusikia ni kukuza sauti. Kifaa cha kisasa hukikuza kila kipande cha sauti, kuanzia nzito hadi nyembamba, kwa kadiri sikio la mhusika lilivyopungukiwa. Chumbani, mkiwa wawili, inatosha. Ukumbini kila kitu kinakuzwa: MC, vijiko, viti vinavyoburutwa, na mashangazi wa meza ya pili. Isitoshe, sikio lililoharibika halikupoteza sauti tu, limepoteza pia ukali wa kutofautisha. Ndani ya koklea, sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti, kuna seli zenye vinywele vidogo ambazo kazi yake ni kuinua sauti dhaifu na kutenga masafa (viwango vya uzito na wembamba wa sauti) yaliyokaribiana. Zikifa, kwa binadamu hazioti tena, na masafa hayo huanza kuingiliana. Mholanzi Reinier Plomp alilieleza hili vizuri mwaka 1978: upungufu wa kusikia una sehemu mbili, kufifia na kupotoka. Kufifia kunaweza kutibiwa kwa kukuza sauti. Kupotoka, hata ukuze namna gani, kuko palepale, na ndiko kunakomtesa mtu kwenye kelele.

Kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili tatizo lina sura yake. Irabu zetu zina nguvu na zinasikika mbali. Konsonanti ndizo dhaifu, na maana imekaa kwenye konsonanti. Amefika, amepika, ameshika, amezika: ukiondoa sauti moja ndogo katikati, hujui kama umeitwa kula au kwenda msibani. Tena mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, wakati habari za nani kamfanyia nani nini zimebanwa mwanzoni, kwenye viambishi visivyotiwa mkazo. Aliniletea, alikuletea, alimletea, walituletea. Mzee mwenye mashine sikioni, katikati ya shughuli, husikia «-letea» na kukisia mengine. Akikisia vibaya mara mbili tatu, huchagua kutabasamu na kuitikia kwa kichwa. Wengi wetu tunamjua mzee huyo.

Njia ya kwanza ya kupambana na kelele ilikuwa maikrofoni mbili kwenye kifaa kimoja. Sauti ya mbele huzifikia kwa mpangilio tofauti na sauti ya nyuma, na kwa kulinganisha tofauti hiyo ndogo ya muda kifaa hufifisha ya nyuma. Ni fikra nzuri na hadi leo imo karibu kwenye kila kifaa cha maana. Lakini inadai msemaji awe mbele yako, kelele ziwe nyuma, na kuta zisiwe na mwangwi. Ukumbi wa sakafu ya vigae na paa la bati unavunja masharti hayo kabla ya chakula kuletwa, kwa sababu kelele ya nyuma hugonga ukuta na kukurudia kwa mbele.

Njia ya pili ilikuwa kusafisha sauti ya maikrofoni moja kwa hesabu. Steven Boll wa Chuo Kikuu cha Utah alichapisha mwaka 1979 mbinu iliyokuja kuwa mama wa nyingine nyingi: kadiria sura ya kelele wakati mtu amenyamaza, kisha itoe kwenye mchanganyiko anapozungumza. Kwa kelele isiyobadilika mbinu hiyo inafanya kazi, ingawa huacha nyuma milio midogo midogo inayorukaruka. Kwa makelele ya watu haina msaada, maana kelele uliyokadiria sekunde iliyopita siyo iliyopo sasa. Mwaka 2007, Yi Hu na Philipos Loizou wa Chuo Kikuu cha Texas, Dallas, walizilinganisha mbinu nane zilizokuwa zikiaminika. Ukiacha hali chache sana, hakuna iliyoongeza maneno yanayoeleweka. Sababu haikuwa fumbo kubwa: kila kipimo cha kelele kilichofutwa kiliondoka na kipande cha sauti ya mtu, na vilivyotangulia kuondoka vilikuwa vile vidogo dhaifu, konsonanti.

Hapo ndipo anapoingia DeLiang Wang, mtu wa kompyuta pale Ohio. Ameeleza hadharani kwamba mama yake alianza kupoteza usikivu wakati yeye yuko chuoni, na kwamba hata alipopata kifaa, mazungumzo ya watu zaidi ya mmoja yalimshinda. Lakini fikra iliyomwongoza ilitoka kwa wanasaikolojia. Colin Cherry wa London alikuwa ameuliza tangu 1953 mtu anawezaje kufuata sauti moja kwenye tafrija yenye sauti nyingi, na Albert Bregman wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alionyesha namna ubongo unavyozipanga sauti unazozisikia: vipande vinavyoanza pamoja, vinavyopanda na kushuka pamoja, huhesabiwa kuwa vya chanzo kimoja.

Wang alichukua fikra hiyo akaibadilisha kuwa swali ambalo kompyuta inaweza kulijibu. Katakata sauti vipande vidogo, upande mmoja kwa masafa, upande wa pili kwa muda, kila kipande kikiwa na urefu wa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kwa kila kipande uliza: hapa mtu ana nguvu kuliko kelele, au kelele ina nguvu kuliko mtu? Mtu akizidi, kipande kibaki. Kelele ikizidi, kitupwe. Usijaribu kukisafisha, wala usikadirie kilichofichika chini yake. Ni kama kuchambua mchele kwenye ungo: hakuna anayeiosha kokoto ili iwe mchele, anaitoa tu. Mwishoni unapata ramani ya ndiyo na hapana, moja na sifuri, na sauti inajengwa upya kutokana na vile vya ndiyo.

Ukiitazama kwa jicho la mhandisi wa zamani, mbinu hii ni ya kihuni. Vipande vya ndiyo bado vina kelele ndani yake, na vya hapana vilikuwa na sauti ya mtu, sasa imepotea. Hata hivyo, mwaka 2006 Douglas Brungart na wenzake, akiwemo Wang, walipowapa watu ramani iliyo kamili, yaani iliyotengenezwa na mtu anayejua tayari sauti safi ni ipi, maneno yalirudi karibu yote. Mwaka 2009 Wang na watafiti wa kampuni ya Oticon ya Denmark waliwapima wenye upungufu wa kusikia kwenye kelele za mkahawa: ramani kamili iliwawezesha kuvumilia kelele zaidi kwa desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) zipatazo 15. Jaribio ninalolipenda zaidi ni la 2008: walichukua kelele tupu, isiyo na sauti ya mtu kabisa, wakaiwasha na kuizima kwa kufuata ramani ya sentensi fulani. Wasikilizaji wakaisikia sentensi.

Kwa maoni yangu ushindi wa kisa hiki ulipatikana hapo, miaka kadhaa kabla ya yale majaribio ya Columbus. Leo tunapenda kuipa akili mnemba sifa zote, lakini mashine iliingia kumalizia kazi ambayo swali lake lilikuwa limeshapangwa. Waliotangulia walikuwa wakiiomba kompyuta irudishe sauti safi, jambo gumu mno. Wang aliiomba ipange vipande kwenye makundi mawili, na kupanga makundi ndiyo kazi ambayo mashine zinazojifunza huifanya vizuri kuliko zote.

Tatizo lililobaki ni kwamba ramani kamili ni udanganyifu wa maabara. Ukumbini hakuna anayekupa sauti safi mapema ili uchore ramani. Lazima mashine iikisie kutokana na mchanganyiko peke yake. Gibak Kim na kundi la Loizou, kule Dallas, walifungua mlango mwaka 2009 kwa mbinu za takwimu, wakiwapima watu wenye masikio mazima. Kundi la Ohio, Wang akishirikiana na Eric Healy wa idara ya sayansi ya usemi na usikivu na vijana wao, lilitumia mitandao ya neva ya tabaka nyingi, yaani programu zinazojifunza kwa kuonyeshwa mifano. Mafunzo yake yalikuwa rahisi kueleza: chukua sentensi safi, ichanganye wewe mwenyewe na kelele, ionyeshe mashine mchanganyiko, na kwa kuwa wewe ndiye uliyechanganya, unalo jibu sahihi la kila kipande. Rudia mpaka ikosee mara chache. Ndiyo mashine iliyowapa wale watu 12 asilimia 85.

Sasa tufike kwenye tundu, maana lilikuwepo. Rekodi ya kelele iliyotumika kuifundisha mashine ndiyo iliyotumika kuipima. Sentensi zilikuwa mpya, kelele hapana. Kwa maneno mengine, mwanafunzi alikuwa ameuona nusu ya mtihani. Watafiti wenyewe hawakulificha hilo, ila vichwa vya habari vililiruka. Ungekitengeneza kifaa kwa matokeo hayo na kukipeleka ukumbini, kingekutana na kelele ambayo hakijawahi kuisikia, na hakuna namba ya 2013 inayokwambia kingefanya nini.

Kundi lile lilichagua kazi ya kuchosha: kuyavunja matokeo yake yenyewe, sharti baada ya sharti. Mwaka 2015 walipima kwa sehemu za kelele ambazo mashine haikuzisikia, ingawa za aina ileile. Mwaka 2016 wakaifundisha kwa sauti 10,000 tofauti zisizo za usemi, kisha wakaipima kwa makelele ya watu na ya mkahawa ambayo hayakuwemo kabisa kwenye mafunzo. Wenye upungufu wa kusikia walinufaika bado. Katikati ya safari hiyo ile ndiyo na hapana yenyewe ililegezwa: badala ya moja au sifuri, kila kipande kikapewa uzito wa kati, kwa kadiri sehemu ya mtu ilivyo kubwa ndani yake. Mashine ikikosea kwa moja na sifuri, kosa lake linakata sikio. Ikikosea kwa uzito wa kati, kosa linapita kwa upole. Mwaka 2018 wakaongeza mwangwi juu ya kelele, hali ambayo kwa kumbi zetu ndiyo ya kila siku.

Kikabaki kitu ambacho maabara ya chuo inaweza kukisahau lakini nyuma ya sikio huwezi: muda. Programu ya kwanza ilikuwa huru kusikiliza sentensi nzima, kuangalia mbele na nyuma ya kila kipande, ndipo iamue. Kifaa hakina anasa hiyo. Sauti ya mtu aliye mbele yako inapenya yenyewe kupitia uwazi wa sikio, na ile iliyochakatwa inafuata. Zikipishana kwa zaidi ya milisekunde 10 hivi, yaani sehemu moja ya mia ya sekunde, baadhi ya watu huanza kusikia sauti yenye rangi ya ajabu, kama imo ndani ya bomba. Michael Stone na Brian Moore wa Cambridge wamelipima jambo hili kwa miaka mingi, na walio taabani zaidi huwa ni wenye upungufu mdogo, wanaosikia bado sauti ya asili, pamoja na kila mtu anaposikiliza sauti yake mwenyewe. Ukichelewesha zaidi, midomo na maneno havilingani, na mtu mwenye upungufu hutegemea midomo kuliko anavyokiri. Mwaka 2021 kundi la Ohio lilionyesha mashine isiyotegemea sauti zijazo, na faida haikupungua sana. Kwangu hilo lina thamani kuliko matokeo ya 2013, japo halikupigiwa ngoma.

Kisha umeme. Kifaa cha kusikia huishi kwa miliwati chache, kutoka kwenye betri unayoweza kuipoteza mfukoni. Mtandao wa neva unadai mahesabu mamilioni kwa mamilioni kila sekunde. Ndiyo sababu viwanda vilienda polepole: Oticon waliingiza sokoni kifaa cha More kati ya 2020 na 2021 wakisema mtandao wake ulifundishwa kwa mandhari za sauti milioni 12, na mwaka 2024 Phonak wa Uswisi wakatoa Audéo Sphere Infinio yenye chipu ya pili inayofanya kazi hiyo peke yake, ambayo kampuni inadai inaboresha uwiano wa sauti na kelele kwa hadi desibeli 10. Desibeli 10 ni mara kumi kwa nguvu, na kwenye eneo la katikati ambapo mtu anasikia nusu nusu, kila desibeli moja inaweza kumpa asilimia 10 hivi ya maneno au zaidi. Lakini hicho ni kipimo cha muuzaji, na chipu hiyo inapowaka chaji huisha haraka zaidi.

Liko swali ambalo ramani haiwezi kulijibu hata ikamilike vipi. Kelele ni nani? Feni ni kelele, hilo halina ubishi. Meza ya watu sita wanaozungumza wawili wawili, kelele ni yule usiyetaka kumsikiliza, na dakika ijayo huenda ndiye unayemtaka. Vifaa vya sasa hukisia kwa kuangalia kichwa chako kimeelekea wapi. Nima Mesgarani wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, amefika mbali zaidi: mwaka 2019 kundi lake lilitenganisha sauti za wasemaji na kusoma kwenye ubongo wa wagonjwa wa kifafa, waliokuwa tayari wamewekewa elektrodi kwa matibabu, ni sauti ipi wanayoifuata, kisha likaikuza hiyo. Hakuna anayependekeza kumfungua mtu kichwa kwa ajili ya harusi, lakini jibu limeonyeshwa lilipo.

Kwa msomaji wa huku, nina tahadhari mbili. Majaribio ya Ohio yalifanywa kwa sentensi za Kiingereza. Ramani haijali lugha kwa sababu haisomi maneno, hivyo sitarajii ianguke ikikutana na Kiswahili; ila kiasi cha faida hakiwezi kuazimwa. Mtihani wetu ungepaswa kuhesabu viambishi, siyo maneno mazima tu, kwa sababu mtu aliyesikia «alimpa» badala ya «alinipa» amekosa habari yote ingawa kapata herufi nyingi. Pili ni bei. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba katika kila watu 100 duniani ambao wangefaidika na kifaa cha kusikia, 17 tu ndio wanaokitumia. Chipu ya kisasa haiwafikii hao 83.

Ipo njia ya bei nafuu ambayo wabunifu wa vifaa huitaja kwa sauti ndogo, pengine kwa kuwa haivutii: isogeze maikrofoni kwenye mdomo wa msemaji. Kutoka mita 2 hadi sentimita 20, sauti inayokuja moja kwa moja hupanda kwa desibeli 20, maradufu ya zile zinazodaiwa na chipu. Kwenye shughuli zetu maikrofoni hiyo imo tayari mkononi mwa MC, na sauti yake ni safi mpaka pale inapotoka kwenye spika na kuanza kugonga kuta. Kwa mzee aliyekaa meza ya nyuma, kinachokosekana ni kurusha sauti hiyo kutoka kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) hadi kwenye kifaa chake, kwa waya wa sumaku unaozunguka ukumbi na kupokelewa na koili iliyomo ndani ya vifaa vingi, au kwa mfumo mpya wa Bluetooth unaoitwa Auracast. Fundi anayeendesha muziki akiulizwa kuhusu koili hiyo leo, pengine hatajua kinazungumziwa nini. Ramani ya Wang itabaki na kazi yake pale pasipo na maikrofoni: hotuba zikiisha, sahani zikija, na jirani akimgeukia mzee kumuuliza habari za nyumbani.